Shati la Rangi ya Boga

Nikutegee hiki, wewe uliyekaa hapo, na usikimbilie jibu. Kuna nyumba ndogo kuliko chembe ya vumbi. Ndani mna watu watatu na kitabu kimoja, na kitabu hakitoki chumbani. Wa kwanza anakinakili, ili mtoto akizaliwa naye awe na chake. Wa pili anakisoma kwa sauti, mlangoni mwa jiko. Wa tatu yuko jikoni, anapika kila anachosikia kimesomwa. Sasa ukitaka nyumba ile ife bila kubomoa ukuta, unamkamata nani?

Umeshindwa, basi nipe mji. Ukinipa Santiago de los Caballeros pamoja na vijiji vyake vyote nitaridhika, maana mambo yenyewe yalitokea huko, katika kijiji cha Los Cajuiles.

Nyumba ni mdudu wa kifua kikuu. Inspekta Ercilia Marte, mkaguzi wa dawa, alipewa jibu hilo Jumatano asubuhi, katika kituo cha afya ambacho feni yake ilizunguka mara moja kila ilipojisikia, na halikumsaidia kitu.

"Hizi nyekundu ni za nani kati ya hao watatu?" aliuliza. Mezani palikuwa na kapsuli moja, nyekundu kama tofali lililoloa.

"Za msomaji," alisema Daktari Yocasta Almonte. Alikuwa kijana, na kila kalamu yake ilikuwa imetafunwa mwisho. "Zinamziba mdomo. Kitabu kipo, moto upo, lakini hakuna kinachosomwa, mpishi anakaa mikono mitupu mpaka nyumba inakufa. Ndiyo dawa yetu kubwa. Vile vidonge vyeupe vinaisaidia tu. Bila nyekundu, ni kufukuza ng'ombe kwa kofia."

"Na mgonjwa wako, Yudelka, amemeza nyekundu miezi miwili."

"Kadi yake imejaa alama, hakuna siku iliyorukwa. Lakini makohozi yake yana wadudu kama siku ya kwanza. Amepungua ratili kumi na nne."

"Kwa hiyo wadudu wamekuwa sugu."

"Au hakuimeza. Ni mojawapo kati ya hayo mawili, Inspekta, na ndiyo maana nimeita mtu aliyekuwa polisi. Kama hakuimeza, naanza upya na vidonge hivi hivi, na atapona. Kama ameimeza na msomaji wa mdudu wake amebadilika mdomo, kapsuli haimshiki tena. Hapo itabidi niwaendee wale wengine wawili. Kuna kidonge cha kumfunga mikono yule anayenakili. Na kuna sindano ya kumvuruga mpishi, asomewe sukari atie chumvi, mpaka mdudu ajiue kwa chakula chake mwenyewe. Sindano kila siku, miezi sita."

"Basi mchome. Shida iko wapi?"

Daktari alitoa kalamu mdomoni. "Sindano ile inakula masikio. Ndani ya sikio letu mna majiko madogo sana, yamefanana na ya mdudu, na sindano haijui kubagua. Wengi hupoteza usikivu kidogo kidogo. Lakini ziko koo ambazo majiko hayo yamefanana mno, na mtu huyarithi kwa mama yake tu. Hao sindano chache zinatosha, na hakuna kurudi. Nimemwuliza mama yake kama ukoo wake una mtu aliyekuwa kiziwi kwa dawa. Akasema hakuna."

"Maabara ya mji mkuu inasemaje?"

"Wiki nane kupata majibu. Kifua cha Yudelka hakina wiki nane. Ijumaa saa sita mchana natia sahihi sindano zianze."

"Na binti mwenyewe anafanya kazi gani?"

"Anasawazisha sauti za kodiani, vile vinanda vya mvukuto," alisema daktari. "Wapigaji wote wa huku, kodiani ikigoma, wanampelekea yeye. Anasikiliza ulimi mmoja wa chuma, anaupitishia tupa mara mbili, anasikiliza tena. Marehemu baba yake alimfundisha. Hajui kazi nyingine."

Jumatatu na Jumanne Inspekta alikuwa amezimalizia katika ghala la dawa la mkoa, kwenye joto la kuokea mkate, akifungua sanduku baada ya sanduku. Alikuwa na hakika kwamba kosa liko pale. Alipasua kapsuli thelathini, na zote thelathini zilitoa unga mwekundu wa tofali, kama inavyotakiwa. Kisha akawatembelea wagonjwa kumi na mmoja waliopewa dawa za shehena ile ile. Alikuwa na njia yake: kitunguu kimoja, kisu, na leso nyeupe. Mwenye dawa ile mwilini hutoka machozi yenye rangi. Wote kumi na mmoja walilia vizuri. Sasa alitembea na mfuko wa plastiki wenye leso kumi na moja za rangi ya boga, na zote zilisema neno moja tu: ghala halina kosa. Siku mbili zilikuwa zimekwenda bure.

*

Anayemmezesha Yudelka dawa ni Wilfrido, mhudumu wa afya wa kijiji. Inspekta alimkuta mchana uani kwake, amempakata jogoo wa kupigana, anampaka kitu mapajani. Mapaja ya jogoo yalikuwa yamenyonyolewa manyoya, na ngozi yake ilikuwa nyekundu ya tofali.

Inspekta alisimama hapo hapo. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alisikia njaa.

"Jogoo mzuri," alisema.

"Huyu ana medali zaidi ya jenerali. Karibu, Doña. Vuta kiti, ila si hicho, hicho ni cha huyu."

"Anatibiwa na nini?"

"Jeraha la Jumapili. Nampaka dawa."

"Dawa ya Yudelka."

Wilfrido alimwangalia, kisha akamwangalia jogoo, kama vile mmoja wao ndiye aliyesema upuuzi. "Doña, mimi namwibia binti wa watu dawa ya kifua nimpe kuku?"

"Jibu wewe."

Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na kikopo cha kupulizia. Kilikuwa cha duka la dawa, kile kile ambacho kila mama wa huku bonde la Cibao hukiweka kabatini mtoto akijikwaa. Kilikuwa na ile dawa nyekundu ya vidonda inayojulikana. Akapuliza kidogo ukutani. Nyekundu ya tofali.

"Ni binamu yake hiyo kapsuli," alisema. "Inauzwa hadharani. Nina vitatu. Niibe kwa nini?"

Inspekta alinusa, akatazama maandishi ya kikopo, akarudia kuyasoma. Ilikuwa kweli.

Kwenye kamba ya nguo nyuma ya Wilfrido kulining'inia chakabana, shati jeupe la sherehe, limenyooshwa hadi linaweza kusimama lenyewe. Kola yake na kifua chake vilikuwa na kivuli cha rangi ya boga.

"Na hili?"

"Hilo limenitia aibu Jumapili nzima. Mwulize dobi. Doña Ozema, mama mdogo wa Yudelka. Miaka ishirini ananipigia pasi, hajawahi kuniharibia hata kifungo. Sasa ameanza kuzeeka. Watu uwanjani wananiuliza kama nimelitapikia."

"Dobi amelitia rangi ya dawa. Na si wewe unayeshika kikopo hicho?"

"Kikopo nashika nikiwa nimevaa fulana, Doña. Nani anapuliza jogoo akiwa amevaa chakabana?"

"Nalichukua."

"Chukua. Ukipata anayeweza kulifua, mwoe."

Inspekta alilikunja shati akalitia mfukoni pamoja na leso. "Jambo la mwisho. Unaona kwa macho yako akimeza?"

"Kila asubuhi. Anameza, anafungua kinywa, naangalia mpaka chini ya ulimi. Na kila Jumatatu nakagua mkojo. Mwekundu kama sheria inavyotaka."

"Mwekundu?"

"Naapa kwa huyu." Alimnyanyua jogoo.

"Vidonge vinakaa wapi?"

"Kituoni," alisema Wilfrido, haraka kidogo. "Wapi tena?"

Inspekta alirudi kwa miguu mpaka barabara kuu, akaketi juu ya kreti la soda. Kapsuli za ghala ni nzuri. Mhudumu si mwizi. Mgonjwa anameza mbele ya shahidi na mkojo wake ni mwekundu. Basi binti amekunywa dawa na dawa imeshindwa, na keshokutwa achomwe sindano. Kila alichokigusa kilikuwa kimenyooka, ila makohozi tu. Alitoa daftari aandike hivyo, na kalamu ikaisha wino katikati ya jina la Yudelka. Akaitupa kwenye mtaro, kisha akashuka kuiokota, kwa sababu ilikuwa ya ofisi.

*

Alhamisi asubuhi alikuwa nyumbani kwa Yudelka kabla ya Wilfrido kufika. Nyumba ya mbao, rangi ya kijani, sebule yenye kodiani sita zilizofunguliwa matumbo. Yudelka alikuwa amekaa katikati yake, mwembamba, shali mabegani ijapokuwa jua lilishapanda. Alishika ubao mdogo wenye vilimi vya chuma, akapuliza kimoja. Akatega sikio. Akakipitishia tupa kidogo sana, kama anayemkuna mtoto mchanga.

"Mimi nasikia sauti ni ile ile," alisema Inspekta.

"Ndiyo maana wewe ni inspekta," alisema Yudelka, na kikohozi kikamkatiza kicheko.

Mama yake, Doña Fidelina, alitoka jikoni na kahawa ya mgeni. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na mikono isiyotulia. Katika chumba cha pembeni, mlango wazi, mwanamke mwingine alikuwa akipiga pasi. Alikuwa na mvi, amesimama wima, beseni la kanji ya muhogo kando yake. Hakugeuka.

"Huyo ni mdogo wangu Ozema," alisema Fidelina. "Hasikii."

Inspekta alikwenda mpaka mlangoni. "Habari za asubuhi, Doña Ozema. Uliacha kusikia lini?"

Pasi iliendelea kwenda na kurudi.

"Muache, Inspekta, unajichosha," Fidelina alisema nyuma yake. "Aliugua kifua akiwa msichana, homa ikampandia masikioni. Mambo ya zamani. Kahawa itapoa."

Inspekta alirudi kwenye kahawa. Kisha akatoa kitunguu.

"Unataka kutupikia?" aliuliza Yudelka.

"Nataka ulie. Kata."

Binti alikata kitunguu, akicheka, mpaka macho yakajaa. Inspekta alimpa leso nyeupe, akamngoja afute, akaipokea, akaenda nayo dirishani. Aliitazama upande mmoja, akaigeuza. Akaishika juani. Ilikuwa imeloa, na ilikuwa nyeupe kama ilivyotoka dukani.

"Kata tena."

"Doña, kitunguu kimekwisha."

"Basi kamua macho."

Leso ya pili ilikuwa nyeupe vile vile. Inspekta alizipanga zote mbili mezani pembeni ya zile kumi na moja. Akasema taratibu, "Nionyeshe mkojo wa asubuhi."

Fidelina aliona haya, lakini alileta chombo. Mkojo ulikuwa mwekundu. Inspekta aliuinamia, akainuka ameshika kiuno. Machozi yanasema hakumeza. Mkojo unasema amemeza.

"Haya mambo yananichosha," alisema, bila kumwambia mtu. "Unakunywa nini, mwanangu, ukiondoa maji?"

"Anachonipa mama."

"Na mama anakupa nini?"

"Cha damu, jamani," alisema Fidelina. "Mtoto kaishiwa damu, unamwona. Bitiruti na karoti, nasaga, natia kimea na maziwa. Glasi tatu kwa siku. Mama gani hampi mwanawe?"

"Tangu lini?"

"Tangu alipoanza dawa."

Inspekta alifumba macho. Mhudumu wa afya, kadi, alama sitini, na kila Jumatatu alikuwa akikagua bitiruti. Si kila mtu bitiruti humtokea hivyo, lakini aliyepungukiwa damu humtokea zaidi. Na wekundu wenyewe, alipoutazama tena, ulikuwa wa waridi, si wa tofali. Kitu hicho Wilfrido angekiona kama angewahi kuviweka viwili pamoja.

Pikipiki ilizimwa nje. Wilfrido aliingia akisalimia, akapitiliza moja kwa moja hadi chumba cha pasi, akanyoosha mkono kwenye rafu iliyo juu ya kichwa cha Doña Ozema, akashusha kisanduku cha dawa. Ndipo akamwona Inspekta.

Pasi ilifuka mvuke.

"Kituoni," alisema Inspekta. "Kumbe kituo kimehamia huku."

"Doña, sikiliza. Mvua. Kisanduku cha pikipiki yangu kinaingiza maji, wiki ya kwanza vidonge vimelowa. Na chumba hiki ndicho kikavu kuliko vyote kijijini, kwa sababu ya pasi. Hata cheti changu cha ubatizo nimekihifadhi hapa."

"Miezi miwili."

"Miezi miwili."

"Na jana umeapa kwa jogoo."

"Habari ya mkojo niliiapia. Ya kisanduku sikuiapia."

Inspekta alimwita aje nacho sebuleni, akatoa kapsuli moja ndani yake, nyekundu, nzima, nzuri. Akaivuta pande mbili. Ikafunguka kirahisi, kama kitu kilichowahi kufunguliwa. Uliomwagika kiganjani ulikuwa unga mweupe. Akafungua ya pili. Mweupe. Ya tatu. Akausugua katikati ya vidole, ukalia kidogo, unavyolia unga wa muhogo.

Fidelina alikaa juu ya kodiani bila kujua, nayo ikatoa mlio mrefu.

"Mama, hiyo ni ya watu," alisema Yudelka. Kisha naye akauona unga.

"Nani?" aliuliza Inspekta.

"Usinitazame mimi," alisema Fidelina. "Nimembeba tumboni. Nasaga bitiruti mpaka mikono yangu imekuwa ya mchinjaji. Halafu nimtilie unga?"

"Daktari alikuuliza kama kuna kiziwi katika ukoo wenu. Ulisema hakuna."

"Aliniuliza kiziwi wa dawa. Ozema ni wa homa."

"Na wewe?" Inspekta alimgeukia Yudelka. "Mwenye masikio ya thamani hapa ni wewe. Ukiogopa dawa ya kula masikio, hata mimi nitakuelewa."

"Dawa gani ya kula masikio?" Yudelka alimtazama mama yake, kisha Wilfrido. "Nani aliyesema habari ya masikio? Masikio yana nini?"

Wilfrido aliangalia sakafu. Fidelina aliangalia mikono yake. Kweli, hakuna aliyekuwa amemwambia. Inspekta aliuma midomo kwa kosa lake mwenyewe, kisha akalirudia kosa hilo kichwani, polepole, kwa sababu lilikuwa na kitu ndani. Binti hajui. Mama haamini. Wilfrido hana haja. Katika nyumba hii, nani anajua kwamba dawa ya kifua inaweza kumfikia mtu masikioni? Hakuna aliyeambiwa hivyo waziwazi. Labda kuwe na mtu ambaye hakuhitaji kuambiwa.

Alitoa shati la Wilfrido mfukoni, akalitandaza. Kola ya rangi ya boga. Akaweka leso moja ya rangi ya boga juu ya kola, na leso haikuonekana ilipoishia.

"Don Wilfrido, hili lilitiwa kanji na nani?"

"Nilikwambia jana," alisema Wilfrido. "Hukunisikiliza."

Hakumsikiliza, ndiyo. Alilibeba shati lile kama ushahidi dhidi ya mwenye shati.

"Ozema?" Fidelina alisema. "Ozema amemlea huyu. Mimi nikiwa kwenye shamba la tumbaku, nani alikuwa anambeba? Huyo hawezi."

"Mwulizeni basi."

"Nimekwambia, hasikii."

"Doña Fidelina," alisema Inspekta, "kila mtu katika kijiji hiki anamjibia mtu mwingine. Siku nne nazungushwa kwa sababu hiyo. Leo ajibu mwenyewe."

Aliingia chumba cha pasi. Hakwenda nyuma ya Doña Ozema; alizunguka meza, akasimama mbele yake, usoni kwenye mwanga. Ozema aliinua macho. Akaona shati. Akaona kapsuli zilizofunguka mkononi mwa mgeni. Akaisimamisha pasi kisigino juu, kwa utaratibu, kama mtu ambaye ameingojea siku hiyo na hakutaka kuunguza nguo ya watu.

Juu ya meza palikuwa na kanji kavu kidogo, imemwagika. Inspekta aliitandaza kwa kiganja mpaka ikawa kama ubao. Akaandika kwa kidole, herufi kubwa: NYEKUNDU IKO WAPI.

Ozema alisoma. Akainama chini ya meza, akatoa kopo la maziwa ya unga, akalifunua. Lilikuwa na unga wa tofali, karibu nusu kopo. Kila chembe ya miezi miwili. Hakuwa ameitupa, hakuwa mtu wa kutupa vitu. Vidole vyake viwili, vya kuchotea kanji, vilikuwa na rangi ya boga kwenye kucha.

Yudelka alikuwa mlangoni. Hakuita, maana asingesikika. Alishika fremu ya mlango tu.

Inspekta alifuta, akaandika tena. KWA NINI NYEKUNDU TU.

Ozema alionyesha kwa kidole gumba, akibonyeza hewani kama anayebonyeza bomba la sindano. Akachora juu ya kanji: chupa ndogo, na juu yake kifuniko. Akachukua chembe ya unga mwekundu, akakipaka kifuniko rangi.

Chupa ya sindano yenye kizibo chekundu. Inspekta aliitazama picha ile. Mwanamke huyu alikuwa ameona mtu akivuta dawa kutoka chupa yenye kizibo chekundu, na miaka mingi baadaye akaona vidonge vyekundu vinaingia nyumbani mwake, kwa ugonjwa ule ule, kwa mtoto anayeishi kwa masikio. Watu walizungumza mbele yake kila siku, midomo ikienda haraka, na hakuna aliyemwandikia hata herufi moja.

Aliandika, akifuta na kuandika, mpaka jasho likamdondokea kwenye maneno. HII SI ILE. HII HAIGUSI SIKIO. SINDANO NDIYO. KESHO SAA SITA DAKTARI ATAMCHOMA SINDANO. KWA SABABU HAKUIMEZA HII.

Ozema alisoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Aliposoma wa mwisho aliushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Akamtazama Yudelka. Akatikisa kichwa, mara nyingi, haraka, kama anayekataa kitu ambacho mtu mwingine amekifanya.

"Wilfrido," alisema Inspekta bila kugeuka, "chukua kopo hili na kisanduku. Mpelekee daktari sasa hivi. Mwambie hajameza hata moja. Mwambie aanze upya, na safari hii vidonge vilale kituoni hata kama kituo kinavuja."

"Na sindano?"

"Daktari ataniuliza ushahidi wa sindano. Ushahidi kwamba ukoo wa mama una kiziwi wa dawa, si wa unga. Akiuhitaji siku nyingine, mtoto akiugua tena, huenda asiwepo wa kumwambia." Alilisogeza beseni la kanji pembeni. "Nenda. Mimi bado nina swali moja. Niliuliza asubuhi, halikujibiwa."

Wilfrido aliondoka. Fidelina alikuwa amekuja mlangoni, amemshika binti yake begani.

Inspekta alisawazisha kanji kwa kiganja. Akaandika polepole, maneno yale yale ya asubuhi. ULIACHA KUSIKIA LINI.

Doña Ozema aliyatazama muda mrefu. Alinyoosha kidole aandike, akakirudisha. Halafu akafungua kinywa. Sauti yake ilitoka kubwa mno kwa chumba kile, bapa, sauti ya mtu asiyejua imefika wapi, na Yudelka, ambaye hakuwahi kuisikia ikisema zaidi ya jina lake, alishtuka.

"Sindano ya nne," alisema Ozema. "Hospitali, Santiago. Jumanne. Homa haikuwapo, ilishashuka tangu Jumapili. Kitanda cha jirani kulikuwa na redio, inapiga kodiani. Nilikuwa naisikiliza. Ikazima katikati ya wimbo." Alimtazama Yudelka, si Inspekta. "Nikadhani umeme umekatika."